Mwita, Nimeinunua Ile Santuri

Mwita, mwanangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tupo. Nasema tupo, maana neno hatujambo limekuwa zito mdomoni mwangu. Kabla sijafika kwenye neno lililonikalisha chini, wacha nikupe salamu za kila mtu, wakijua nimekuandikia bila kuwataja watanisema mpaka mavuno.

Baba yako anakusalimu. Goti lile limezidi, sasa anatembelea fimbo, lakini kila asubuhi lazima aende kusimama pale kwenye kaburi lako upande wa zizi. Anajifanya anaangalia ng'ombe. Ng'ombe wameshakwenda malishoni, yeye bado anaangalia. Robi mke wako anakusalimu. Yuko hapa hapa nyumbani, hajarudi kwao Natta, na shamba la mihogo amelilima peke yake. Binti yako Nyangi anakusalimu, ameota meno ya mbele na anauma kila kitu. Juzi kauma sikio la mbuzi, mbuzi akalia kuliko mtoto. Mama yako mdogo Ghati anakusalimu kutoka Isebania, anasema bado anakudai ule wimbo uliomwahidi siku ya ubatizo. Chacha, rafiki yako mliyechimba naye, anakusalimu. Salamu zake ni nzito, nitazifikia. Yule ng'ombe wako mwenye baka jeupe kwenye paji hawezi kukusalimu kwa sababu nimemuuza. Usikasirike kwanza. Soma.

Marwa naye yupo. Marwa mwenye duara, lile shimo la dhahabu ulilokuwa unamchimbia. Amenenepa. Hakutuma salamu, na angezituma nisingezibeba.

Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa darasa la watu wazima, herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Ulikuwa unanicheka, unasema, "Mama, herufi yako ya m ina miguu mingi kama jongoo." Sasa nani ananicheka. Soma tu hivyo hivyo.

Mwita, siku tuliyokuzika Marwa alikuja na mchele na sukari. Akakaa kiti cha mbele na wazee. Akasimama akasema ardhi ina siri zake, duara likiamua kufunga hakuna wa kulizuia, tumwachie Mungu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake, nikaitikia na mimi. Sikujua kitu.

Mvua zilipokwisha, akafungua baa pale njia panda ya Kerende. Nilipita pale natoka kusaga. Nikaona nguzo zinazobeba bati. Mwita, zile nguzo nazijua. Ni mikaratusi ya shamba la babu yako kule Susuni, uliikata mwenyewe iwe matimba ya kuzuia ukuta wa duara, na mimi ndiye niliyekuletea ugali na mlenda siku hiyo. Wewe unakata kwa mkono wa kushoto. Jeraha la shoka lako kwenye mti linainamia upande ambao la mtu mwingine hapa kijijini haliinamii. Nilisimama pale na unga kichwani mpaka shingo ikauma. Matimba ya kumzuia mwanangu asifukiwe yamesimama yanazuia mvua isiwaingie walevi.

Nikasema. Nilisema kwa kila mtu. Wakaniambia, "Mama Mwita, mti ni mti." Wengine wakasema uchungu unanila akili. Nikaenda kwa wazee wa ritongo, baraza letu la mila, nikawaeleza. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha mkubwa wao akasema, "Mama, tunakuamini. Lakini ritongo halikai kwa jicho la mama. Tuletee mdomo wa mtu aliyekuwa juu ya duara siku hiyo."

Mdomo huo ni wa Chacha. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Na Chacha akiniona njiani alikuwa anainamisha kichwa, anapita kama mtu aliyeangusha kitu. Marwa alikuwa amempa duara jipya alisimamie, na amemjengea mama yake nyumba ya bati. Nani angesema?

Sasa nikuambie kuhusu hiyo baa. Marwa alileta mashine kubwa ya kaseti, ina taa nyekundu zinazokimbia kimbia, na spika zenye ukubwa wa kabati. Inapiga tangu saa tisa mchana. Unaisikia hapa nyumbani kama mtu anapiga debe chini ya maji. Wachimbaji wote wanaishia pale. Mwanzo nilidhani ni majivuno tu. Siku moja nikamtuma baba yako akamtafute Chacha pale aongee naye kiume. Akarudi anakuna sikio. Akasema, "Nilimwuliza habari za mtoto wetu, akanijibu kwamba bia zipo. Pale mtu hasikii hata mawazo yake."

Nikakaa nikatafakari neno hilo. Mahali penye kelele hivyo hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kitu. Na mtu mwenye mzigo moyoni akikaa pale kila siku, mzigo hausemi. Basi nikajua nitakachofanya. Nitamwondoa Chacha kwenye kelele. Nitamweka mahali pa kusikia.

Ndipo nikakumbuka ile santuri uliyokuwa unaiota, mashine ya kupigia sahani za muziki.

Unakumbuka zile jioni ulipokuwa unarudi masikio yamejaa baruti? Unakaa na mimi unamenya mihogo, unaongea kwa sauti kubwa bila kujua, na habari yenyewe ni moja tu, santuri. Kila mchimbaji akipata dhahabu anawaza pikipiki au mke wa pili, wewe unawaza sindano na sahani. Nilikuwa nakuitikia tu, najua mwanangu anapumzika. Kumbe yalikuwa yananiingia.

Ulisema, "Mama, watu siku hizi wanakimbilia kaseti, sahani wanazitupa. Sasa ndiyo wakati wa maskini kununua kizuri." Ulisema kaseti ikila vumbi la Nyamongo inatafunwa, lakini sahani unaipangusa kwa kitambaa inaendelea kuimba. Ulisema mtu akinunua kwa macho amekwisha kosea. Anunue kwa masikio na vidole. Hela kidogo uliyonayo ipeleke kwanza kwenye ile sehemu inayozunguka na kwenye sindano, kwa sababu kitu kikiharibika pale mwanzo hakuna spika itakayokitengeneza mbele. Kisha spika. Taa na vinyago vya kung'aa viwe vya mwisho, au visiwepo kabisa. Na hapa kwetu hakuna umeme, kwa hiyo mashine isiyokubali betri ya gari ni kabati la kufugia kuku. Haya yote nilikuwa nayo kichwani kama sala.

Nikamuuza yule ng'ombe. Robi aliniangalia, akasema, "Mama, mtu anauza ng'ombe ananunua sahani?" Baba yako akasema, "Ng'ombe anazaa. Hiyo itazaa nini?" Nikamjibu, "Itazaa mdomo." Kisimani wanawake wakanipokea kwa kicheko, "Mama Mwita sasa atakuwa didijei, atatuchezesha na uzee huo!" Nikacheka nao. Unajua mimi nikicheka sana nina jambo.

Nilikwenda Sirari kwa lori la mahindi, nikavuka mpaka kuingia Kenya, Ghati akanipeleka kwa fundi mmoja Mjaluo pale Isebania, Okoth. Duka lake ni kibanda kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Nilipomwambia nataka santuri, akafurahi akanivutia dude kubwa, redio humo, kaseti humo, santuri juu, spika zimejengwa ndani, kila kitu sanduku moja. "Mathe, hii ni moto. Ukiweka hii kwa nyumba, majirani wote watahama."

Nikamwambia sitaki majirani wahame, nataka waje. Kisha nikaweka kiganja juu ya sanduku huku linaimba. Lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikasema, spika ikikaa sanduku moja na sindano, mtetemo wa spika unarudi kwenye sindano, sindano nayo inaupeleka kwenye spika, ni ugomvi usiokwisha. Ulisema hivyo wewe, ukiwa na muhogo mkononi. Okoth akamwangalia Ghati. Ghati akainua mabega, akasema, "Usiniulize mimi, huyu dada yangu hata redio hajui kuzima."

Akaleta ya pili. Nzuri kwa macho, ya mbao, mfuniko safi. Akaweka sahani ya kwaya. Mwanzo nikapendezwa. Halafu nikasikia sauti za akina mama zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kama mlevi anayeteremka mlima. Nikamwomba ainue ile sahani ya chuma. Chini yake mkanda wa kuzungushia ulikuwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekatwa kwa wembe, hapa mpana hapa mwembamba. Okoth mwenyewe akaguna, akasema aliipokea hivyo kutoka kwa mteja wa Migori. Tukaiacha.

Ya tatu ilikuwa chini ya meza. Ya kijivu, mfuniko una ufa, haina hata taa moja. Lakini ile sahani yake ya chuma ilikuwa nzito, niliisukuma kwa kidole ikaendelea kuzunguka peke yake taratibu bila kuyumba, kama mtu mwenye akili zake. Mkono wake wa kushikia sindano ulikuwa mwepesi, una kizito kidogo nyuma cha kusogeza, na inakubali betri. Nikamuuliza swali ulilosema ni la muhimu kuliko yote, kwamba sindano yake ikiisha nitapata wapi nyingine. Akasema za aina hiyo anazo, na Tarime mjini zipo. Nikasema, hii.

Ghati akaninong'oneza, "Dada, hii mbaya hivi?" Nikamwambia hata baba yake Mwita nilimchagua hivyo hivyo.

Nimejifunza na kwa Okoth pia, si kwamba nilikuwa najua vyote. Amplifaya alinipa ndogo ya gari, inakula betri ile ile. Spika alinipa mbili zisizo na sanduku, tukakagua karatasi zake kama hazijaliwa na mende, akasema nikifika nyumbani nizitengenezee masanduku ya mbao nzito, niyajaze matambara kidogo. Na waya, akasema nyekundu iende kwa nyekundu kwa spika zote mbili. Ukiipishanisha moja, spika zinavutana, hii inasukuma na ile inavuta, sauti nene inakufa katikati. Hili hukuniambia, au uliniambia nikiwa nageuza ugali. Akanionya na jambo lingine, "Wabongo wengi wakiona sindano inaruka wanaweka shilingi juu ya mkono. Mathe, hiyo ni kulima sahani kwa jembe."

Akaniuliza, "Sasa hii ni ya disko gani?" Nikasema ya kusikiliza nyumbani. "Ya nani?" Ya mwanangu. "Na mbona hakuja kuchagua mwenyewe?"

Ghati akageuka akaangalia nje. Okoth akafungua kisanduku chake akatoa mkanda mpya, akaufunga mwenyewe, akaifuta ile mashine vumbi lote mpaka kwenye ufa. Hakuongeza bei. Mungu ambariki yule mtu.

Basi ikafika nyumbani. Seremala akanipigia masanduku ya spika. Nikaweka sahani yako ile ya gitaa la Kijaluo, uliyokuwa unaiweka chini ya godoro ukisubiri siku utakapopata cha kuipigia. Mwita! Ilipoanza tu, kule mgodini wakapiga baruti. Meza ikaruka, sindano ikaruka ikapita juu ya wimbo mzima kama panzi. Nikaanza tena. Baruti tena. Robi akasema kwa upole, "Labda tuweke shilingi." Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja.

Nikafikiri. Nikaenda jikoni nikaangalia lile jiwe la kusagia wimbi, la bibi yako mzaa mimi. Siku zote baruti zinapigwa, masufuria yanacheza, vikombe vinacheza, jiwe lile halijawahi kucheza. Mimi na Robi tukalibeba tukisimama kila baada ya hatua, baba yako anatuelekeza kwa fimbo kama anaswaga ng'ombe. Tukalilaza chini kwenye udongo, si juu ya meza. Nikaweka bakuli la maji juu yake, nikalitia vijiwe chini mpaka maji yakasimama sawa kila upande. Kisha santuri juu. Spika nikaziweka mbali nalo, moja huku moja kule, juu ya vigoda. Baruti ikapigwa. Maji ya ndoo yalitetemeka. Sindano haikujua.

Halafu nikakaa katikati, pale ulipokuwa unasema. Ulisema spika mbili zikikaa vizuri, mwimbaji anatoka ndani ya spika, anakuja kusimama katikati, mbele yako, mahali ambapo hakuna kitu. Nilidhani ni maneno ya kijana. Mwita, yule mtu wa gitaa alisimama pale. Nilinyoosha mkono. Robi aliniona ninanyoosha mkono akatoka nje.

Sikulia. Kulikuwa na kazi.

Nikaanza kupiga kila jioni, wakati wachimbaji wanapanda kutoka maduarani jua bado lipo. Sikupiga kwa nguvu. Niliweka uji wa wimbi kwenye sufuria kubwa, pombe hakuna, kelele hakuna. Siku ya kwanza walikuja wawili, wakasimama nje ya ua. "Mama, hii ni nini inasikika vizuri hivi?" Nikawaambia wakae. Unajua masikio ya mchimbaji, yamechoka kupigwa. Walikaa kama watu waliotiwa maji kwenye kidonda. Kesho yake wakaja na wenzao. Wengine walileta sahani za baba zao zilizokuwa zinafunikia mitungi. Ua ukajaa. Hata wale wa kisimani walikuja, wanasema, "Didijei, tuwekee ile ya jana."

Baa ya Marwa ikabaki na nzi. Ilinifurahisha, Mwita. Nisikudanganye, ilinifurahisha mpaka nikawa nalala vizuri. Akaongeza sauti ya lile kabati lake la muziki, wale wachache waliobaki nao wakakimbia. Akamtuma mtu aniulize kama ninaiuza ile santuri. Nikasema, "Mwambie siuzi. Nimeinunua kwa ajili yake." Yule mtu hakuelewa, akaenda kusema hivyo hivyo.

Akaja mwenyewe. Akasimama kwenye ua wangu na viatu vinavyong'aa, akasema, "Shikamoo mama." Watu wote wakaniangalia. Sahani ilikuwa inaimba. Nikaifuta mikono kwenye kanga, nikaenda nikageuza sahani upande wa pili, nikarudi kukaa. Marahaba yangu hakuipata. Akasimama, akasubiri, akakohoa, akaondoka. Mzee mmoja aliniambia baadaye kwamba mama kutoitikia shikamoo ni kama laana. Nikamwambia hajakosea sana.

Lakini Chacha alikuwa haji. Nilisubiri. Kile kigoda cha katikati sikumruhusu mtu akikalie. Wakiniuliza ninasema kina mwenyewe. Nilimtega kama unavyotega kware, unamwaga mtama kidogo kidogo, hukimbilii. Nikamwambia Robi ampelekee mama yake uji. Nikatuma mtu amwambie kuna sahani ya Mwita ambayo hakuna anayejua kuimba sauti yake ya pili. Hiyo ni kweli, wewe ulikuwa unaimba ya kwanza na yeye ya pili, mnavuta ndoo za mawe.

Akaja. Amekonda. Nikamshika mkono kama mwanangu, nikamkalisha kwenye kile kigoda, nikaweka ile ya gitaa. Yule mwimbaji akaja akasimama mbele yake, mahali pasipo na kitu. Chacha akafungua mdomo kuimba sauti ya pili. Haikutoka. Akajaribu tena. Kisha akaweka kichwa kwenye magoti.

Sahani ikaisha, ikabaki inakwaruza kwaruza, na mimi sikuinuka kuitoa. Nilimhurumia, na sikumwachia. Nikamwambia, "Sema, mura, kijana wangu. Hapa mtu anasikika."

Akasema. Alisema mbele ya wachimbaji wote. "Mama, mimi nilishika kamba. Mwita alikuwa chini bado anajaza ndoo. Marwa akaja na vijana wa kujenga baa, anataka matimba siku hiyo hiyo. Nikamwambia, bosi, mtu yuko chini. Akasema, toa ya upande huu tu, atapanda kabla ukuta haujajua kitu."

Kabla ukuta haujajua kitu. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Na salamu zake kwako ni hizi. Anasema kamba ilipolegea aliivuta mpaka ngozi ya mikono ikatoka, na kwamba anaisikia ikiwa nyepesi mpaka leo. Anasema umsamehe. Mimi nimemwambia hilo ni lako na yeye, mimi siingii.

Ritongo likakaa. Chacha akasema tena, na wengine wawili wakapata ujasiri wakasema. Marwa alikuwepo na kofia yake. Walipomuuliza, akasema, "Nimesikia." Wakamuuliza tena, akasema, "Nimesikia, wazee, kama ni ng'ombe nitaleta." Basi. Wazee wakaamua afunge lile duara, ang'oe zile nguzo zote baani, na alete dume. Nyumba yake na yetu tule nyama ya dume hilo kwenye ungo mmoja, damu ifungwe. Mpaka tule, hatuchoti kisima kimoja, hatuombani moto, na mtu wa ukoo wetu haingii kwake wala wa kwake kwetu. Unajua mila.

Nguzo ameng'oa. Baa imelala chali. Dume ameleta, jeusi, limefungwa pale pale nyuma ya nyumba ninapokuandikia, linatafuna. Litachinjwa Jumamosi.

Na mimi ndipo nilipokwama, mwanangu.

Sitaki kula. Nilitaka aseme. Nilitaka asimame pale aseme kwa mdomo wake, mimi Marwa nilitoa matimba Mwita akiwa chini. Amemleta ng'ombe aseme badala yake, na ng'ombe hasemi. Nikila ile nyama imekwisha, ataniamkia njiani na itanibidi niitikie. Nisipokula, damu inabaki wazi, na Marwa anabaki hivi alivyo sasa, hakuna anayemchotea maji, hakuna anayetaka kumwozea mwanawe, anatembea pembeni ya njia. Hivi alivyo napenda. Nakuambia wewe tu, kwa wengine najifanya nina huzuni.

Baba yako anasema nile. Anasema, "Mama Mwita, umeshinda, mwache sasa." Mchungaji anasema nisamehe saba mara sabini. Robi, yeye jana nilimkuta amemkumbatia Nyangi anamkagua mwili, kwa sababu wanasema damu isipofungwa humfuata mdogo wa nyumba. Usiku huo mtoto alikohoa kidogo. Ni vumbi tu. Nafikiri ni vumbi. Niliamka kumgusa paji mpaka Robi akasema, "Mama, utamchubua." Hilo ndilo linalonila. Marwa simwogopi, wala mizimu ya watu. Namwogopea mwenye meno mapya.

Nimewaza hivi. Nitakwenda Jumamosi, nitakaa kwenye ule ungo, nyama itawekwa mbele yangu. Nitamwangalia Marwa machoni. Akisema yale maneno mbele ya watu wote, nitakula hata kama itanikaba. Asiposema, nitainuka na njaa yangu, na Nyangi nitampeleka kwa Ghati Isebania, ng'ambo, damu hiyo haina pasi ya kuvukia. Hii ni ahadi yangu kwako, na sijawahi kukuahidi kitu nikakiacha.

Ila wewe ndiye mwenye damu. Ukitaka nile kwa ajili ya mtoto wako, niambie. Njoo kwa Robi ndotoni, au kwa baba yako pale zizini, mimi usinijie kwa maana nitasikia ninachotaka. Pumzika, mura wangu. Baki salama huko, wala usihangaike na baridi ya udongo, kaburi tumelijengea mawe vizuri.

Jibu upesi. Leo ni Alhamisi, na nasikia baba yako ameanza kunoa kisu.

Mimi mama yako,
Bhoke